Kabla ya kuzichoma bunduki, tuandike zilivyopatikana

Mwezi uliopita nilitembelewa na kijana niliyemfundisha somo la Historia katika shule moja ya kutwa upande wa Dagoretti. Nasema kijana kwa mazoea tu ya ualimu, kwa maana kichwa chake sasa kina mvi nyingi kuliko changu. Kwa muda wa miaka kumi na minane amekuwa muuguzi katika jimbo la Minnesota, Marekani, na alikuwa amekuja nyumbani kumzika mama yake mkubwa. Tulipokwisha kupeana pole na kuulizana habari za wenzake wa darasani, alifungua mkoba, akatoa daftari nene la mistari, mfano wa yale tuliyokuwa tukiwagawia shuleni, akaliweka mezani mbele yangu. "Mwalimu," akasema, "naomba unisahihishie."

Nilidhani ni mashairi, au labda kumbukumbu za maisha ya ugenini, ambazo wengi wao huanza kuziandika na wasizimalize. Kumbe lilikuwa daftari la bunduki zake.

Namwomba msomaji asishtuke kama nilivyoshtuka mimi. Huko aliko, muuguzi asiye na kosa lolote mbele ya sheria anaweza kuwa na bunduki saba nyumbani na jirani asinong'one. Tena zile zilizotengenezwa kabla ya mwaka 1899 huhesabiwa na sheria yao ya mwaka 1968 kuwa vitu vya kale. Hapa kwetu mambo ni mengine. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, humtaka mwenye silaha awe na cheti na aeleze kwa nini anaihitaji, na mwishoni mwa mwaka 2018 serikali iliamuru wote wenye vyeti wakaguliwe upya. Mtu atakayekwenda kuwaambia wakubwa kwamba anahitaji bunduki saba kwa kuwa zinapendeza zikitundikwa ukutani, sidhani kama atarudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Bunduki zote saba za mwanafunzi wangu ni za aina moja, nazo ni zile zifanyazo kazi kwa wenzo. Walimu wa Fizikia wataniwia radhi nikiingia shambani kwao. Chini ya bunduki hiyo, nyuma ya kifyatulio, pana kitanzi cha chuma cha kutosha vidole vya mkono. Ukikisukuma mbele, ganda la risasi iliyokwisha kupigwa huruka nje. Ukikirudisha nyuma, risasi mpya huingia mahali pake. Kila aliyepata kutazama filamu za wachunga ng'ombe wa Marekani katika majumba ya sinema ya Nairobi anaijua sauti yake. Kampuni ya Winchester ndiyo iliyozipatia sifa kubwa, na modeli zake za mwaka 1873, 1894 na 1895 husakwa hadi leo na wapenzi wake kama sisi tusakavyo vitabu vilivyokoma kuchapishwa.

Lakini si bunduki zilizonivutia, bali ni daftari lenyewe. Kila bunduki imepewa kurasa zake. Juu ameandika jina la kampuni, mwaka na bei. Chini yake, kwa kalamu nyekundu, pana kichwa cha maneno kilekile kila mara: "Nilivyoipata." Hapo ndipo amwagapo wino. Ya kwanza aliipata katika duka la kuwekea rehani, imefungwa karatasi ya bei iliyopauka, na mwenye duka alimweleza kwamba aliyeiweka alikuwa mfanyakazi wa machimbo ya chuma aliyepunguzwa kazini, wala hakurudi kuikomboa. Ya pili ilikuwa ya jirani yake mzee. Mjane wa mzee huyo alikataa kabisa kuiuza, mpaka siku mwanafunzi wangu alipokwenda kumsaidia kuondoa theluji mlangoni, majira ya baridi matatu mfululizo. Ndipo mama huyo alipomwita jikoni na kumwambia aichukue kwa bei aliyoinunulia marehemu mwaka 1956. Ya nne aliibadilisha kwa injini ya pikipiki, na mpaka leo anaamini alipunjwa. Ya sita ni mfano wa Martini, bunduki ya wenzo ipigayo risasi moja moja. Ilitoka katika ghala la kale la jeshi la Nepal ambalo shehena yake ilinunuliwa na wafanyabiashara wa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 2000, na ilipomfikia ilikuwa bado imejaa grisi iliyogeuka kuwa gundi. Alikesha siku tisa kuisafisha kwa maji ya moto.

Ya saba ndiyo aliyoinunua kwa ajili yetu, yaani kwa ajili ya Kenya. Ni Winchester ya modeli ya mwaka 1895, ipigayo risasi iitwayo .405. Si ya kale. Ni nakala iliyotengenezwa upya miaka ya karibuni. Akasema aliitafuta kwa sababu nilipokuwa nikimfundisha habari za Theodore Roosevelt nilimwambia darasani kwamba rais huyo mstaafu aliteremka Mombasa mwezi Aprili 1909 akiwa na bunduki ya namna hiyo, akapanda gari la moshi hadi nyanda za juu. Nilikuwa nimekwisha kusahau kwamba nilisema hayo. Mwalimu hajui ni neno lipi litakaloshika.

Nikalisoma daftari lile mpaka chai ikapoa. Nilimsahihishia ngeli mahali pawili au patatu, kisha nikamrudishia. Naikiri wazi hapa hisia iliyonipata: niliona wivu. Sikumwonea wivu kwa bunduki, ambazo sina haja nazo. Nilimwonea kwa sababu mtu mmoja, katika chumba kimoja huko kwenye theluji, anajua kila chuma chake kilitoka mkononi mwa nani na kwa nini kiliachwa. Nasi taifa zima hatujui habari za vyuma vilivyolijenga na kulibomoa taifa letu.

Siku ya pili tulikwenda mjini pamoja. Alitaka kuona Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa katika barabara ya Moi, lile jengo lililokuwa benki zamani, ambamo mna hazina ya marehemu Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa nchi hii. Murumbi alikuwa mkusanyaji wa kweli: vitabu, stempu, nguo, vinyago, silaha za jadi. Aliiuzia serikali hazina hiyo miaka ya 1970 ili isitawanyike kwa wageni waliokuwa tayari kumlipa fedha nyingi zaidi. Kutoka hapo tukatembea hadi barabara ya Kimathi, tukasimama chini ya sanamu iliyozinduliwa tarehe 18 Februari 2007, nusu karne kamili tangu Dedan Kimathi anyongwe. Vijana walikuwa wakipigana picha. Mwanafunzi wangu akaitazama ile bunduki ya shaba iliyo mkononi mwa sanamu, akaizunguka, akarudi, akaniuliza, "Mwalimu, hii aliipataje?"

Nilimfundisha mtu huyo Historia kwa miaka minne. Sikuwa na jibu.

Nilichokuwa nacho ni jibu la swali jingine. Kimathi alipokamatwa tarehe 21 Oktoba 1956 alishtakiwa Nyeri kwa kukutwa na bastola na risasi zake, wala si bunduki. Chini ya kanuni za hali ya hatari hilo pekee lilitosha kumpeleka mtu kwenye kitanzi, hata kama hakuna aliyejeruhiwa. Kumbukumbu za kesi hiyo hazikuwa rahisi kufikiwa kwa miongo mingi, mpaka mwanahistoria Julie MacArthur alipozichapisha katika kitabu mwaka 2017. Kwa hiyo bastola iliyomnyonga tunaweza kuisoma habari zake mahakamani, na bunduki tuliyompa katika shaba hatuijui. Mchongaji hana kosa. Sanamu si hati ya mashahidi. Ila wanafunzi wetu hupita hapo kila siku, na sanamu ndiyo kitabu chao cha kwanza cha Historia, pengine cha mwisho.

Sasa turejee kwa Roosevelt, kwa kuwa mfano wake unafaa. Habari za silaha za mtu yule zimeandikwa hata zinachosha. Twajua kwamba Winchester zake zilitoka kiwandani kwa barua zilizoandikwa kwenda na kurudi kuhusu kila parafujo. Twajua kwamba bunduki yake kubwa ya mitutu miwili, kazi ya Holland & Holland ya London, ilikuwa zawadi ya marafiki zake wa Kiingereza. Twajua kwamba yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama wakubwa 512, na wengi wa wanyama hao ngozi zao zikaenda kwenye Taasisi ya Smithsonian huko Washington. Wapo hata Waafrika walioingia katika kitabu chake kwa majina: Bakari na Gouvimali waliombebea bunduki yeye, Juma Yohari na Kassitura waliombebea Kermit. Lakini ukitaka kujua Bakari alitoka wapi, nani alimfunza kutunza bunduki ya wenzo isiingie mchanga, alilipwa kiasi gani, alikufa lini, hapo maandishi yananyamaza. Chuma kina nasaba kuliko mbebaji wake.

Hata hivyo Bakari na wenziwe hawakuwa wageni wa bunduki za kisasa. Mwaka 1887, Henry Morton Stanley alipopita Zanzibar akielekea Kongo kumtafuta Emin Pasha, aliajiri Wazanzibari wapatao 600, na miongoni mwa silaha za msafara huo zilikuwamo Winchester za kurudia. Mwaka uliofuata balozi wa Uingereza Zanzibar, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia bara kila mwaka kupitia pwani. Ndiyo sababu mojawapo ya mataifa ya Ulaya kukutana Brussels na kutia sahihi mkataba wa mwaka 1890, wakawazuia Waafrika wasiuziwe bunduki nzuri huku wao wenyewe wakija nazo. Lugha yetu ilizipokea bunduki hizo na kuzipa majina: palikuwa na gobori, palikuwa na bunduki ya mrao, palikuwa na bunduki ya viasi. Leo ukimwuliza mwanafunzi wa kidato cha nne maana ya kiasi katika bunduki, atakwambia ni idadi. Namwuliza mwalimu mwenzangu asomaye haya: wewe je, ulijua?

Si kwamba hatuna mahali pa kuonyeshea vitu. Miezi michache iliyopita niliingia katika jumba moja la kumbukumbu, nisilotaka kulitaja jina kwa kuwa walinzi wake walinipokea kwa adabu, nikakuta bunduki ndani ya kabati la kioo. Kadi yake ilikuwa na maneno matatu tu, nayo ni jina la kiwanda, nchi na karne. Nilimwuliza kijana aliyekuwa akituongoza bunduki hiyo ilikuwa ya nani. Akajibu kwa unyofu, "Mzee, ilikuwa hapa nilipoajiriwa."

Jibu hilo ndilo lililonisukuma kuandika makala haya. Naliona kuwa jibu la nchi nzima.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo madogo, kwamba bunduki ni bunduki, na nchi yenye njaa na madeni haina wakati wa kuandika kadi. Ningewakubalia laiti sisi wenyewe tusingekuwa tunawadai wengine kadi hizo. Mwaka 1905 Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, alipigwa risasi katika mkutano ulioitwa wa amani na afisa wa Kiingereza aitwaye Richard Meinertzhagen. Afisa huyo akachukua fimbo zake za uongozi. Zilikaa Uingereza katika jamaa hiyo kwa karne nzima, hadi mwanawe aliporuhusu zirudi Kenya mwaka 2006. Fikiria kadi ya fimbo hizo zingaliwekwa kabatini huko: "Fimbo tatu, Afrika Mashariki." Kila neno kweli, na kadi nzima uongo. Halafu mwaka 2021 pakafanywa maonyesho hapa Nairobi ya orodha ya vitu vya Kenya vilivyomo katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani, navyo vimezidi 32,000. Swali tuliloliuliza ulimwengu katika maonyesho yale lilikuwa hili hili la mwanafunzi wangu: mlivipataje? Anayeuliza swali kwa jirani sharti awe amekwisha kuliuliza nyumbani kwake.

Nasi nyumbani tunafanya nini? Tunachoma. Mwezi Machi 2010 zilichomwa bunduki 2,545 katika bustani ya Uhuru, barabara ya Lang'ata, pale pale bendera ilipopandishwa mwaka 1963. Mwezi Novemba 2016 zikachomwa 5,250 huko Ngong. Mwezi Juni 2021, Ngong tena, zikachomwa 5,144 mbele ya rais wa wakati huo. Ukijumlisha mioto hiyo mitatu peke yake, bunduki 12,939 zimegeuzwa majivu na vyuma chakavu magharibi mwa mji huu, umbali wa safari ya matatu kutoka nyumbani kwangu.

Naomba nieleweke vizuri hapa, maana najua barua zitakazokuja. Sipingi kuchomwa kwake. Kenya ilitia sahihi Azimio la Nairobi la Machi 2000 na Itifaki ya Nairobi ya Aprili 2004 kuhusu silaha ndogo ndogo, na nchi iliyozika wachungaji na watoto wao kwa sababu ya bunduki zilizovuka mipaka ya Somalia, Sudan, Ethiopia na Uganda haina haki ya kuzionea huruma. Zichomwe, na mwakani zichomwe nyingine. Ninachokitaka ni kwamba kabla ya mafuta kumwagwa, kila moja iwe imepewa ukurasa wake.

Polisi watasema kurasa hizo zipo, kwa kuwa itifaki yenyewe inataka silaha zitiwe alama na kuwekewa kumbukumbu. Sina shaka. Lakini namba ya bunduki ni jambo moja na habari yake ni jambo jingine. Kumbukumbu ya polisi hutafuta mkosaji; ikishampata au ikimkosa, hufungwa. Mimi nataka ile sehemu ya kalamu nyekundu. Iliingia nchini kwa mpaka gani? Ilinunuliwa kwa ng'ombe wangapi, na ng'ombe hao walikuwa wa nani? Aliyeisalimisha aliisalimisha kwa nini: kwa hofu ya operesheni, kwa ushawishi wa wazee, au kwa sababu mwanawe aliuawa nayo? Karatasi moja inatosha. Nakala yake ipelekwe kwa Hifadhi ya Nyaraka, majina yafichwe kwa muda ambao sheria itaona unafaa, na bunduki chache kutoka kila mkoa wa zamani ziharibiwe mitambo yake zisiweze kulia tena, kisha ziwekwe mahali wanafunzi watakapoziona pamoja na karatasi hizo.

Mwalimu mwenzangu mmoja, niliyemwonyesha rasimu ya maneno haya, alinipinga kwa hoja ambayo siwezi kuipuuza. Alisema watoto wa Kawangware na Kangemi wanaziona bastola za kutosha mitaani. Ukiwaonyesha nyingine kabatini na kuzipa hadithi, utazitia urembo machoni mwao. Nilifikiri sana juu ya hilo. Mwishowe nilimjibu kwamba urembo wa bunduki hutoka mahali hadithi yake isipokuwapo. Katika filamu bunduki haijanunuliwa popote. Imezaliwa mkononi mwa shujaa. Mwanafunzi wangu wa Minnesota aliniambia kwamba ile ya kwanza, ya yule mchimba chuma aliyekosa kazi, hajawahi kuipiga hata risasi moja. Kila akiishika humkumbuka mwenyewe. Mwenzangu alitikisa kichwa, hakuridhika, na tukaachana hivyo.

Kuna jambo la mwisho, na ndilo linaloniuma zaidi, kwa kuwa hapo mshtakiwa ni mimi.

Nyumbani kwangu nina komeo la mlango. Ni kipande cha chuma cha urefu wa kidole cha shahada, na ncha yake moja imepigwa tupa ikawa kama msumari. Lilikuwa katika kopo la mafuta ya kupikia ambalo mama yangu alilificha chini ya uvungu hata baada ya uhuru. Babu yangu mzaa mama alikuwa fundi wa mabomba ya maji hapa Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1950. Wasomaji wa rika langu wamekwisha kuelewa. Wapiganaji wa msituni walipokosa bunduki walitengenezewa za kienyeji. Mtutu ulikuwa kipande cha bomba la maji, kitako kilikuwa mti wowote uliopatikana, komeo la mlango lilikuwa ndilo pini ya kugongea risasi, na nguvu ya kulisukuma ilitokana na vipande vya mpira wa magurudumu. Nyingine zilimlipukia mpigaji. Risasi zenyewe ziliibwa au kununuliwa kwa siri kwa askari, moja moja, na mtu aliyekutwa na moja mfukoni aliweza kunyongwa. Nairobi ndiyo iliyokuwa bohari ya mambo hayo, na ndiyo sababu wakoloni waliuzingira mji mzima tarehe 24 Aprili 1954 katika operesheni waliyoiita Anvil, yaani fuawe.

Babu alichukuliwa siku hiyo. Usiku huo huo bibi aliubeba mtutu kwa kuufunga pamoja na kuni, akautupa chooni. Komeo lilisahaulika mfukoni mwa koti. Babu alirudi baada ya miaka minne, hakutaka kuulizwa kitu, akafa nikiwa mdogo. Haya yote niliyasikia kwa vipande, mama akiwa anapika, nami nikiwa nasahihisha madaftari ya watoto wa watu kuhusu Mkutano wa Berlin. Mama alifariki mwaka 2009. Sikumwuliza bunduki ile ilikuwa ya nani, iliwahi kwenda msituni au ilikuwa ikingoja kuchukuliwa, nani alileta mbao, nani alipiga ncha ile tupa. Mtu niliyewaadhibu wanafunzi kwa kusahau tarehe nilikuwa na chanzo cha kwanza cha Historia jikoni mwangu, kikinipakulia chakula, nikakiacha kikaenda.

Nawageukia walimu. Mtaala wa umilisi unapenda kuwatuma watoto nyumbani kutafuta vitu, na wazazi wamechoka kwa maboksi na vifuniko vya chupa. Badala ya boksi moja muhula huu, mtume mtoto aulize habari ya kitu kimoja cha chuma kilichomo nyumbani: panga, upinde wa pasi, jembe la nyanya, pete ya ndoa, medali ya babu aliyepigana Burma. Asilete kitu chenyewe. Alete ukurasa mmoja wa kilivyopatikana. Watakaoleta habari za bunduki watakuwa wachache, nanyi mtazipokea kwa busara bila kuwapeleka wazazi wao polisi kwa jambo la mwaka 1954. Nanyi wanafunzi, msingoje kutumwa. Mkifika kwa mzee msianze na swali la vita, atanyamaza. Anzeni na kitu kilichomo chumbani, mkishike mkononi, mwulize kilitoka wapi.

Mwanafunzi wangu alirudi Minnesota wiki mbili zilizopita. Kabla ya kuondoka alininunulia daftari jipya katika duka moja la vitabu barabara ya Moi, akanikabidhi kwa mikono miwili kama mtoto anayeleta kazi ya ziada. Nimeandika juu ya ukurasa wa kwanza: "Komeo la mlango, Nairobi, kabla ya Aprili 1954." Nimeandika jina la babu na la bibi, na habari ya kuni na ya koti. Pale pa jina la aliyelipiga tupa sina la kuandika.

Hata hivyo mama alikuwa na mdogo wake wa kike, naye yu hai, anakaa Kinoo, masikio yake hayasikii vizuri ila akili ni timamu. Mwaka 1954 alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, na ndiye aliyemshikia bibi taa usiku ule. Jumamosi nitapanda matatu asubuhi na mapema, nikiwa na komeo langu mfukoni.